Jino Halina Kosa: Historia Fupi ya Homa, Kuharisha na "Meno ya Nailoni"



Wengi wetu tunaolewa mbali na visiwa. Wako wanaohamia Iringa, na wako wanaofikia Ilomba katika Jiji la Mbeya, ambako Juni na Julai baridi huuma na vifua vya watoto husumbua kuliko tulivyozoea kwetu. Ukijaaliwa mtoto, na akifika miezi mitano au sita akashikwa na homa na kuharisha, huenda ukamsikia mtu mzima akisema, "Huyu ana meno ya nailoni, mpelekeni akatolewe." Ni vizuri ujue mapema maneno haya yana historia gani.

Jina lenyewe si la kale. Imani ya "meno ya nailoni", wengine husema "meno ya plastiki", ilienea Tanzania bara miaka ya 1980. Ilisemekana kwamba ndani ya ufizi wa mtoto huota jino baya, jeupe na laini, linaloleta homa, kutapika na kuharisha, na lisipotolewa mtoto hufa. Waganga walilichimbua kwa kisu, kwa spoku ya baiskeli au hata kwa kucha, bila ganzi. Madaktari wetu wa meno walianza kuwaona watoto waliokosa meno ya chonge, na mwaka 1997 watafiti Kikwilu na Hiza walichapisha uchunguzi wao kuhusu desturi hii Tanzania. Uganda nako ipo, inaitwa ebinyo.

Kinachotolewa ni nini hasa? Ni chonge la utotoni ambalo bado halijakomaa. Huanza kuvimbisha ufizi mapema, ingawa kwa kawaida hutokeza mtoto akikaribia mwaka mmoja na nusu. Kwa kuwa halijawa gumu, likichimbuliwa huonekana jeupe na laini, na mama huamini ameoneshwa ushahidi. Kumbe ameoneshwa jino la mwanawe. Yanayofuata yanaweza kuwa kutokwa damu nyingi, pepopunda, au maambukizi ya damu kwa kifaa kichafu. Akipona, huenda chonge la ukubwani likaota limepinda au lisiote kabisa.

Tusidhani ni ujinga wa watu wa bara. Ulaya nako jino lilishitakiwa kwa karne nyingi. Tangu karne ya 16 madaktari walikuwa wakichana fizi za watoto kwa kisu. Mwaka 1839, Uingereza na Wales ziliandikisha vifo zaidi ya 5,000 kuwa vimesababishwa na kuota meno. Marekani, kuanzia 1849, iliuzwa dawa ya maji iitwayo Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Watoto walitulia kweli, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mofini, na wako waliolala wasiamke. Uingereza poda za meno zilitiwa zebaki, na zilipoondolewa madukani katika miaka ya 1950, ugonjwa uliokuwa ukiwafanya watoto mikono na miguu myekundu ukatoweka nazo.

Kwa nini watu wengi hivyo, wa nchi mbalimbali, walikosea jambo moja? Kwa sababu mambo matatu hukutana. Karibu na miezi sita jino la kwanza linatokeza. Wakati huohuo kinga aliyopewa na mama tumboni inapungua. Na ndipo anapoanza uji, anatambaa, na kila anachookota anatia mdomoni. Anayemharisha ni mdudu aliyeingia na uchafu, lakini jino ndilo linaloonekana, basi linabeba lawama.

Sisi Waislamu tuna mafundisho ya zamani kuliko hayo yote. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ummu Qays bint Mihsan, miongoni mwa wanawake waliohama mwanzo, alimpeleka mwanawe kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, akiwa amembinya kooni kwa ajili ya maradhi ya koo. Mtume alilikataa jambo hilo la kuwaumiza watoto kwa kuwabinya, akawaelekeza kwenye dawa ya udi wa Kihindi. Mtoto mgonjwa haongezewi maumivu, hutafutiwa dawa. Tukipima kwa mizani hiyo, kung'oa "nailoni" na kukata kimeo kwa ajili ya kikohozi, desturi ambayo nasi tunaijua, vyote vinajulikana pa kuwekwa.

Na dawa ipo. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh huko India, Dk. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na sukari, na vifo vikapungua sana. Ndiyo asili ya pakiti ya ORS tunayopewa kliniki: pakiti kwa maji safi na salama, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mtoto anyweshwe kidogo kidogo, pamoja na vidonge vya zinki kama alivyoelekeza mhudumu. Usimwachishe ziwa. Tangu mwanzoni mwa 2013, chanjo ya rota, inayokinga kuharisha, imo katika ratiba ya watoto Tanzania. Angalia kadi yake.

Jino likiwasha kweli, mtoto hudondosha mate, hung'ata kila kitu na kulialia. Mpakate, msugue ufizi kwa kidole kilichonawa kwa sabuni, mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi ang'ate. Asali ni shifaa, lakini asipewe kabla hajatimiza mwaka, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Homa kali usiseme "ni meno tu". Mpeleke akapimwe, malaria ikiwemo. Akipumua haraka au kifua kikibonyea, akikataa ziwa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usingoje asubuhi.

Basi mama mkwe akikutajia nailoni, usimjibu kwa ukali. Huenda naye aliwahi kuona mtoto akizikwa, na hofu yake ni ya kweli. Mwambie, "Shikamoo mama, nimekusikia. Twende sote kituo cha afya kwanza, tumsikie daktari." Mshike mkono mwende pamoja. Akiona mjukuu amepona na meno yake yote yamo, yeye ndiye atakayemweleza jirani.

Allah awape watoto wetu afya, na sisi subira ya kuwalea. Amin.