139 Mzima, 140 Mgonjwa: Nani Alichora Huo Mstari?

Wadau wa Malindi, mvua zikinyesha huko juu, nionyesheni Sabaki inaishia wapi na bahari inaanzia wapi. Hamuwezi. Maji ya matope yanaingia taratibu tu. Sasa mbona kwa presha tunachora mstari: 139 uko sawa, 140 we mgonjwa?

Huo mstari umehamahama. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilihesabu presha ya juu kuanzia 160 kwa 95. Mwaka 1999 ikawa 140 kwa 90. Mwaka 2017 madaktari wa moyo wa Marekani wakashuka hadi 130 kwa 80. Watu walilala wazima wakaamka wagonjwa, na damu ni ileile! Daktari Mwingereza George Pickering alishalisema hili miaka ya 1950: presha haina ukuta.

Hesabu yake ikaja 1965. Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Berkeley, alileta seti zisizo na mpaka mkali. Badala ya ndiyo au hapana, unapata kiwango kati ya 0 na 1. Tuseme 138 ni "presha ya juu" kwa 0.4, na 150 kwa 0.8. Kwetu si jambo geni: kati ya moto na baridi kuna vuguvugu.

Na aliyeitia kazini ni mtu wa huku kwetu. Ebrahim Mamdani alizaliwa Tanzania mwaka 1942. Miaka ya 1970, akiwa London, yeye na mwanafunzi wake waliendesha injini ya mvuke kwa kanuni za maneno, mfano "likizidi kidogo, punguza kidogo". Leo watafiti wa moyo hutumia njia yake kuunganisha presha, umri, sukari na mafuta ya damu, wapate kiwango cha hatari.

Hapa Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome wamewavisha watu kipimo cha presha saa 24, maana wengine hupanda wakiona koti jeupe tu. Hiyo si hesabu ya Zadeh, lakini swali ni lilelile.

Najua, daktari lazima aamue: dawa au hapana. Mstari una kazi yake. Ila mwenye 138, anayevuta sigara na ana sukari, akiambiwa "uko sawa" anarudi nyumbani na hatari yake mfukoni. Kwa hivyo mkimpeleka mzee kupima, msiulize tu kama ana presha. Ulizeni: iko juu kiasi gani, na ina wenzake gani?