Q ya Babati: Majina ya Watoto na Kalamu Zilizoyaandika

Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina q wala x. Hata hivyo, orodha ya kata za Wilaya ya Babati ina Qash na Qameyu, na katika mahudhurio ya shule za mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, yamo majina yanayoanza kwa qw, hh, tl na sl. Mgeni kutoka Tanga au Dar es Salaam akiyaona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mzazi alitaka tu kumtofautisha mwanawe na wenzake. Mara nyingi amekosea. Tahajia inayomshangaza ndiyo inayolifuata jina kwa uaminifu zaidi, na ilifika kwenye cheti cha mtoto baada ya kupita mikononi mwa wachora ramani, mapadri, walimu na makarani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mji wenyewe uko njia panda. Barabara ya kutoka Arusha kwenda Dodoma hukutana hapo na ile ya Singida, kati ya Ziwa Babati na mlima Kwaraa. Wenyeji wa kale ni Wagorowa, ambao pia huitwa Wafiome. Wanaishi na Wairaqw, ambao Watanzania wengi huwaita Wambulu, pamoja na Wadatooga, Warangi na Wambugwe. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi, Kidatooga ni ya Kiniloti, Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Na mtu akielekea Ziwa Eyasi hukutana na Wahadza na lugha yao ya vidoko. Sehemu chache za Afrika zina mkusanyiko wa namna hiyo katika eneo dogo hivyo.

Kwa hiyo tatizo la tahajia lilianza na sauti. Mgorowa au Mwiraqw anazo sauti ambazo herufi za Kiswahili hazikutengenezewa. Ipo h inayotoka kooni, ile ambayo wasomaji wa Kurani wanaifahamu katika matamshi ya Kiarabu ya jina Muhammad. Ndiyo inayoandikwa hh. Ipo q inayotamkwa nyuma kabisa ya ulimi. Zipo sl na tl, ambazo pumzi yake hupita pembeni mwa ulimi. Kila moja ni sauti moja ingawa jicho linaona herufi mbili. Kiswahili nacho kiliwahi kukutana na q katika maneno ya Kiarabu, kikaamua kuiandika k: qadhi akawa kadhi. Uamuzi huo uliwafaa wasemaji wa Kiswahili, ambao wengi wao hawaitofautishi q na k. Huko Babati, k na q hutenganisha neno na neno, na jina na jina.

Waliotangulia kuziandika sauti hizo kwa herufi za Kilatini walikuwa wageni wapita njia. Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alipita nchi hizi mwaka 1892, na katika kitabu chake cha Kijerumani Iraqw ikawa Iraku. Upande wa Babati, jina lililoshika kwenye ramani lilikuwa Ufiome, na hadi leo msitu wa hifadhi juu ya mji unaitwa hivyo. Kila mwandishi aliandika alivyosikia. Kata moja ya wilaya imeandikwa Galapo, Gallapo na Galappo, na maandishi yote matatu bado yanaonekana.

Waingereza walipotunga sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Tanganyika mwaka 1920, haikuwalazimisha Waafrika. Matokeo yake, kwa familia nyingi za Kikristo kitabu cha kwanza kilichopokea jina la mtoto kilikuwa daftari la ubatizo. Hapo kalamu ilikuwa mkononi mwa padri, na padri alikuwa na kanuni yake. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917, kanuni ya 761, zilimtaka ahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Toleo la mwaka 1983 lililegeza kamba: kanuni ya 855 inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo.

Kutokana na utaratibu huo wa zamani ukazaliwa mtindo ambao Mtanzania wa leo anauona wa kawaida kabisa: jina la mtakatifu mbele, la nyumbani nyuma. Majina ya watakatifu yalibadilishwa kufuata sikio la wenyeji. Willibrord akawa Wilbrod, Philibert akawa Filbert, Fabianus akawa Fabiano. Fabiano Joseph Naasi, mzaliwa wa Babati, alibeba jina la namna hiyo alipokuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005. Jina la nyumbani nalo liliandikwa kadiri padri alivyoweza kulisikia, na wengine walisikia vizuri. Askofu aliyeliongoza Jimbo la Mbulu tangu 1971 hadi kifo chake 1997 aliitwa Nicodemus Atle Hhando. Humo mna tl na mna hh mwanzoni mwa jina, katika kila barua aliyotia saini.

Shule ilikuwa mlango wa pili. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, watoto waliingia madarasani kwa wingi, na walimu walipangwa kutoka kila pembe ya nchi. Mwalimu aliyekulia Bukoba au Mtwara hakuwa na sababu ya kuisikia hh. Aliandika Hando. Mdogo wake mtoto huyo, akiandikishwa na mwalimu mwingine, angeweza kuwa Hhando. Tluway, jina linalotokana na mvua, likawa Tluwai, kwa sababu neno la Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Massay nalo, likipunguziwa s moja na kubadilishiwa y, linakuwa Masai, na katika mkoa wenye Wamaasai wa Simanjiro na Kiteto hilo ni kosa linalomhamisha mtu kabila.

Uzito wa jambo hili unaongezeka kwa sababu ya namna Watanzania wengi wanavyopangilia majina. Jina la kwanza la baba ndilo la pili la mwana, kisha ni la tatu la mjukuu. Mfano unaojulikana na kila mwanafunzi wa sheria nchini unatoka Karatu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, baba na mwana waliotetea shamba lao katika kijiji cha Kambi ya Simba. Hukumu hiyo ilithibitisha kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Ndani ya kichwa cha kesi unaona vizazi vinavyorithishana: Akonaay, Lohay, Joseph. Jina la nyumbani alilopewa mtoto mmoja limegeuka ubini wa mwanawe, likiwa na ile y ya mwisho ambayo karani angeweza kuiondoa kwa nukta moja ya wino.

Wataalamu wa lugha walichelewa kufika. W. H. Whiteley alichapisha maelezo yake mafupi ya Kiiraqw mjini Kampala mwaka 1958. Maarten Mous alitoa sarufi kamili mwaka 1993, na mwaka 2002, mwaka uleule ambao Manyara ilimegwa kutoka Arusha ikawa mkoa, ilichapishwa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza aliyoiandaa pamoja na Roland Kießling na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Profesa Qorro anafahamika zaidi kwa kutetea Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia. Jina lake mwenyewe linaanza kwa herufi ambayo Kiswahili hakina, na mambo hayo mawili hayajagombana. Kamusi ilithibitisha njia ambayo watu walikuwa wakiitumia tayari: hh, q, sl, tl, x kwa sauti ya kh, na alama ya mkwaju kwa ile sauti ya koo ambayo Waarabu huiandika kwa ain. Ni mkwaju tu ulioshindwa kuingia kwenye fomu za serikali, na majina yaliyouhitaji huandikwa bila huo.

Siasa ilizifikisha tahajia hizo mbali kuliko kamusi. Wilbrod Slaa, mzaliwa wa Kwermusl huko Mbulu, aligombea urais mwaka 2010, na ile sl ikachapishwa kwenye karatasi za kura kuanzia Kagera hadi Mtwara. Mwaka 2015 Karatu ikamchagua Willy Qulwi Qambalo kuwa mbunge, mwenye q mbili katika majina matatu.

Tanzania haikuwahi kuzikataza herufi hizo, na hilo linastahili kukumbukwa. Uturuki ilipotunga sheria ya alfabeti mpya mwaka 1928, iliziacha nje q, w na x, na kwa miongo mingi Wakurdi walikataliwa kuandikisha watoto kwa majina yenye herufi hizo. Kizuizi kilikuja kulegezwa mwaka 2013. Babati ilipoteza herufi kwa kutosikika, na kilichopotea kwa njia hiyo mzazi anaweza kukirudisha kwa kalamu.

Wazazi wa leo wanaishika kalamu hiyo kwa namna mbili. Wapo wanaorudisha hh iliyomponyoka babu shuleni. Wapo pia wanaotunga upya majina yaliyotoka ng'ambo: Jackline, Happyness yenye y, Brayan kama linavyotamkwa. Hawa wa pili wasidharauliwe, maana wanafanya kazi ileile iliyompatia Filbert f yake. Alphonce Simbu, kutoka mkoa jirani wa Singida, alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo Septemba 2025, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo, dunia nzima iliandika jina lake kwa c kama lilivyo kwenye hati zake.

Gharama inakuja pale hati zinapopingana. Kabla ya kikomo cha Januari 20, 2020 cha kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mamilioni ya Watanzania walihitaji namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA, na wengi waligundua hapo kwamba cheti cha shule, cha ubatizo na cha kuzaliwa vinataja watu watatu tofauti kwa herufi moja moja. Dawa yake ni wakili, hati ya kiapo, nauli na siku za kazi zilizopotea. Mwenye Hhando analipa zaidi ya mwenye Juma.

Kwa mtoto anayezaliwa sasa, mahali pa kulizuia hilo panajulikana: tangazo la kizazi, karatasi inayojazwa kituoni kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na ambayo RITA, wakala wa serikali wa usajili, huitumia kuandika cheti. Muuguzi anaweza kuwa ametoka Kigoma au Songea, na sikio lake halina deni kwa Kigorowa. Inatosha mzazi aje na jina limeandikwa kwa herufi kubwa, alisome pamoja naye herufi kwa herufi, kisha aombe kuliona lilivyojazwa kabla ya mhuri. Mwalimu wa darasa la awali anakili kutoka kwenye cheti badala ya kuandika anavyosikia, na padri au shehe naye afanye vivyo hivyo. Utaratibu huo hauhitaji sheria mpya wala bajeti, na familia za Qash na Qameyu zinaweza kuanza nao katika kizazi hiki.