Msasa Ulikuwa Jani Kabla ya Kuwa Karatasi

Kila semina hapa Nyarugusu utasikia: vijana wamepigwa msasa. Watu wa mashirika wanasema, na sisi tunasema. Lakini muulize kijana msasa ni nini, atakujibu ni ile karatasi ya seremala, inauzwa dukani. Hapo nusu ya historia imeshapotea.

Msasa kwanza ni mti, ndugu yake mkuyu. Unaota Kongo, unaota Tanzania. Jani lake linakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na wazee walilitumia kulainisha vitu vya mti. Karatasi ilikuja baadaye. Kule London, John Oakey alianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1833. Ilipofika kwetu haikupewa jina jipya. Ilirithi jina la jani, maana kazi ilikuwa ileile.

Sasa tuje kwenye mtumbwi. Novemba 1871 Stanley na Livingstone walitoka Ujiji kwenda kuutazama mto Rusizi, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Wakakuta mto unaingia ziwani, hautoki. Vitabu vinawasifu hao wawili. Lakini walipanda nini? Mtumbwi wa gogo la mvule, na mvule wenyewe ulitoka Ugoma, ng'ambo ya Kongo. Stanley aliutaja mti. Jina la aliyeuchonga hatulijui.

Huko pwani vyombo vilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini vikapakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Siku hizi kuna vanishi. Kinachopakwa kimebadilika, sheria haijabadilika: mti usiposuguliwa vizuri haushiki kitu. Unaanza na msasa mkali, namba 80, halafu 120, halafu 220, ukifuata nyuzi za mti. Vumbi unalifuta lote, ndipo unapaka. Ukiruka hatua, vanishi inabanduka, maji yanaingia, mti unaoza. Na ziwani mti ukioza, ni watu wanazama.

Wengi wetu, au wazazi wetu, tulivuka ziwa hilo ndipo tukafika hapa. Wadogo zetu waliozaliwa kambini hawajaliona, na wengine wanadhani ufundi ulianza na sanduku la vifaa lililoletwa na shirika. Hapana. Kama kijiji cha jirani yuko mzee wa Fizi aliyewahi kuchonga mtumbwi, kijana mwenzangu, nenda na daftari. Muulize mti gani, jani gani, mafuta gani. Na safari hii jina la fundi liandikwe.