Chozi: ndege wa maua katika parseli zetu

Ndege mdogo mwenyi mdomo mwembamba uliopinda, anayehama ua kwa ua katika parseli za Bukavu ao Uvira, watu wengi wanamwita kolibri. Si yeye. Kolibri wa kweli wanaishi Amerika tu. Huyu wa kwetu ni chozi. Dume mara nyingi anang'aa kijani, zambarau ao shaba. Jike ana rangi ya kufifia, ndiyo maana watu hawamuoni hata akiwa karibu.

Kuna aina zaidi ya 130 za chozi, toka Afrika hadi Australia. Mmoja, Cinnyris rockefelleri, ni wa milima ya juu ya Kivu kama Itombwe, na huyo usimngojee mjini. Wengine wanazoea bustani za watu bila shida.

Kinachomleta ni maji matamu ya maua. Anapenda maua marefu kama bomba, hasa mekundu na ya rangi ya machungwa: aloe, eritrina, leonotisi. Ua la ndizi pia linamvuta. Kwenye hibiskusi mara nyingi anakuwa mwizi: anatoboa ua kwa chini na kunyonya bila kugusa chavua. Kolibri anakula akielea hewani, lakini chozi anapenda kutua, kwa hiyo mmea uwe na shina la kumbeba.

Wengine wanatundika chupa ya maji ya sukari. Inawezekana: kipimo 1 cha sukari kwa 4 vya maji, bila asali wala rangi, na kubadilisha kila siku sababu kwenye jua yanachacha. Ila sukari ni pesa, na tawi la hibiskusi jirani anakukatia bure.

Kitu watu wanasahau ni buibui. Chozi analisha makinda wadudu na buibui, na kiota chake, kifuko kinachoning'inia chenyi mlango ubavuni, anakikaza kwa utando wao. Mwenyi kupuliza dawa ya wadudu anaweza kubaki na maua mazuri, lakini makinda yanakosa chakula.

Tena parseli ikigawanywa, uzio wa miti unakatwa na ukuta wa matofali unapanda. Pa kujengea kiota panaisha. Kabla ya kukata, chunguza matawi vizuri, na watoto wenyi manati wasionyeshwe kiota. Jike akiwa ameisha kutaga, kungoja karibu mwezi 1 kunatosha makinda kuruka.