Je, Mti Husikia Uchungu? Ulizo la Luberizi na Historia Yake

Wakati wa likizo tulitumwa Luberizi, katika bonde la Ruzizi, kusaidia wakristu wa huko kupanua nyumba yao ya sala. Palikuwa na muvumu mkubwa uliozuia ukuta mpya, ule mti ambao jirani zetu Warundi wanauita umuvumu. Vijana walikuwa tayari na mashoka. Mzee mmoja akaja akasimama mbele ya mti, akasema: «Huu ukikatwa utalia.»

Vijana wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa anatwanga sombe hapo karibu akamwambia: «Mzee, kama majani yangekuwa yanalia, sisi wamama hatungepata usingizi.» Kiisha wote wakatugeukia sisi: «Ninyi Mafratri mmesoma. Semeni basi: mti unasikia uchungu ao hausikii?»

Tulijibu upesi kwamba hausikii, na kazi ikaahirishwa mpaka juma lililofuata kwa ajili ya heshima ya mzee. Lakini usiku, tulipozungumza sisi kwa sisi, tukaona haya, maana tulikuwa tumejibu mbele ya kufikiri. Ulizo lile si la wajinga hata kidogo. Watu wenye elimu kubwa wamebishana juu yake zaidi ya miaka elfu mbili.

Plato, mwenye hekima wa Ugiriki, aliandika katika kitabu chake Timayo kwamba mimea ina ile sehemu ya chini ya roho, na kwa hiyo inasikia utamu na uchungu, tena ina tamaa, ingawa haina mawazo. Mwanafunzi wake Aristoteli (384-322 mbele ya Kristu) alikataa. Yeye alisema kwamba mmea una nguvu ya kujilisha, ya kukua na ya kuzaa, basi. Mnyama anaongezewa kusikia. Mtu anaongezewa akili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino (1225-1274) akaupokea mpango huo, nao umefika mpaka kalasi za filozofia katika seminari zetu. Waliposema kwamba mti una «anima» hawakutaka kusema una roho isiyokufa kama ya mtu. Walitaka kusema una uzima ndani yake.

Teofrasto, aliyeshika shule ya Aristoteli nyuma yake, aliandika habari za mti mdogo wa Misri, karibu na mji wa Memfisi: majani yake yakiguswa yanalegea na kuanguka, kiisha yanaamka tena. Watoto wa Luberizi wasingeshangaa. Kijiti cha miiba cha namna hiyo kinamea penye majimaji ya Ruzizi, nao wanacheza nacho. Waswahili wa pwani wana majani ya ukoo uleule, wanayaita kifauwongo, kwa kuwa yanajifanya yamekufa.

Lakini mahali ulizo hili lilipoleta hatari kweli ni kwa Wamanikeo. Mani, mtu wa Babeli wa karne ya tatu, alifundisha kwamba vipande vya nuru ya Mungu vimefungwa ndani ya mimea. Kwa hiyo wakubwa wa dini yake, walioitwa Wateule, walikatazwa kuchuma tunda ao kung'oa jani. Walikula vilevile! Wasikilizaji, yaani wafuasi wadogo, ndio waliochuma na kupika, wakabeba kosa hilo kwa niaba yao. Mwafrika mwenzetu Mtakatifu Agostino, mzaliwa wa Tagaste, nchi inayoitwa leo Algeria, alikuwa Msikilizaji miaka karibu tisa. Anakiri katika Maungamo yake kwamba alifikia kusadiki kuwa tini likichumwa linalia, na mti mama yake unatoa machozi ya maziwa.

Tuliposoma hayo tulinyamaza kidogo. Muvumu wa Luberizi ni wa ukoo wa mtini. Ukiupiga panga, maziwa meupe yanatoka. Mzee wetu hakusoma kitabu cha Mani, lakini aliona kitu kilekile kwa macho yake.

Agostino anaeleza tena neno baya zaidi. Kama mtu mwenye njaa asiye wa dini ile aliomba chakula, ilikuwa kosa kubwa kumpa hata tonge moja, kwa maana ile nuru ya ndani ya chakula ingepotea tumboni mwake. Huruma kwa tunda ikawa ukali kwa maskini. Nyuma ya kubatizwa, mwaka 387, Agostino aliandika kitabu kizima juu ya mwenendo wao, na jambo la mwombaji kufukuzwa hakulisahau. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo alipowashinda, kuliko katika hoja zote za filozofia.

Na maziwa yale je? Si machozi. Ni utomvu unaoganda na kuziba jeraha, tena unanasa vinywa vya wadudu.

Katika karne ya kumi na tisa wajuzi waliacha kubishana kwa maneno tu, wakaanza kujaribu. Mfaransa Claude Bernard (1813-1878) alifunika kifauwongo kwa kioo pamoja na etere, dawa iliyotumiwa kuwalaza wagonjwa mbele ya kupasuliwa. Majani yakaacha kujifunga. Hewa safi iliporudi, nayo yakaamka. Habari inayotupendeza zaidi ni ya Jagadish Chandra Bose (1858-1937) wa Bengali. Alifundishwa fizika huko Calcutta, katika koleji ya Mtakatifu Xavier, na Padri Eugène Lafont, Myezwiti Mbelgiji aliyezaliwa Mons. Bose alitengeneza vyombo vya kuonyesha mwendo mdogo sana wa mimea, akapima umeme unaopita ndani yake inapoguswa ao kujeruhiwa. Umeme huo ni wa kweli. Lakini alipotaka kuuita mishipa ya fahamu, wenzake wengi hawakumfuata.

Habari ya Mmarekani Cleve Backster, aliyefunga mashini ya kukamata waongo kwenye jani mwaka 1966 akadai kwamba linajua mawazo ya watu, haitatupotezea wakati: wengine walirudia jaribio lake, nao hawakuona kitu.

Bali mwaka 2018 wajuzi wa Japani na Marekani walionyesha jambo la ajabu. Kiwavi akiuma jani moja, ujumbe wa kalsiamu unakimbia mpaka majani mengine kwa dakika chache, nayo yanajitayarisha kujilinda. Kwa hiyo mmea unatambua kwamba umeumwa. Hata muhogo wetu: majani yakipondwa, vitu viwili vilivyotengwa ndani yake vinakutana na kutoa sumu. Ndiyo sababu mama anatwanga sombe, kiisha anaichemsha sana. Katika Kwango, mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri imelemaza miguu ya watu wengi kwa ugonjwa wa konzo, ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938.

Je, kutambua ni kusikia uchungu? Sisi tunasema hapana. Mwili ukipata habari ya jeraha ni jambo moja. Kuwapo mwenye kuumia ni jambo lingine. Mmea hauna ubongo wala pahali ambapo habari zote zinakusanyika ziwe uchungu wa nani. Wajuzi wengi wa mimea wanasema vilevile, ingawa wachache wanapinga. Aristoteli alikosa kidogo tu: alidhani mmea haupokei habari kabisa.

Juma lililofuata tulikwenda kwa mzee na jibu letu, tukamweleza utomvu na kalsiamu kadiri tulivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: «Wana wangu, hayo nilidhani hivyo. Mti huu aliupanda baba siku tulipofika hapa, ulikuwa fimbo tu. Niliposema utalia, nani mwingine angelia hapa?»

Hatukuwa na jibu. Ukuta uliendelea, na muvumu ulikatwa kwa ruhusa yake mwenyewe. Lakini mbele ya shoka la kwanza vijana walimpandia juu wakamkatia tawi lililonyoka, nasi tukalichimbia shimo kando ya lupango lwake. Mvumu hauhitaji mbegu. Tulipoondoka Luberizi ulikuwa umetoa majani manne.