Mikono ya Kirksville: Historia ya Osteopathi

Osteopathi ni tiba ya mikono. Mtabibu hupapasa mgongo, nyonga na mabega ya mgonjwa akitafuta mahali palipokaza au panapouma. Kisha huchua misuli, huzungusha kiungo taratibu, na pengine hukisukuma ghafla hadi kialike. Leo wengi wanaomwendea wanasumbuliwa na kiuno, shingo au magoti. Hata hivyo, ilipoanza Marekani katika karne ya 19, tiba hii haikukusudiwa maumivu ya viungo peke yake. Mwanzilishi wake aliamini ingetibu karibu kila ugonjwa, kuanzia homa hadi kuhara damu. Dai hilo lilipungua kadiri miaka ilivyokwenda, na taaluma yenyewe ikagawanyika njia mbili, kiasi kwamba jina lile lile humaanisha mambo tofauti kutoka nchi moja hadi nyingine.

Kabla ya osteopathi walikuwapo waunga mifupa. Katika vijiji vya Uingereza na Wales, aliyevunjika mguu au kuteguka bega hakupelekwa kwa daktari. Alipelekwa kwa mhunzi, mkulima au mchungaji aliyerithi ujuzi huo kwa wazazi wake, kama ambavyo familia nyingi za Afrika Mashariki zinamjua mzee wa kuunga mifupa kwa magango na kumkanda aliyeteguka. Wengine walipata sifa kubwa. Katika miaka ya 1730 mwanamke aliyeitwa Sally Mapp aliunga mifupa mjini Epsom, na wakazi walimchangia fedha ili asihame. Kisiwani Anglesey ukoo wa Thomas uliifanya kazi hiyo kizazi baada ya kizazi, hadi mmoja wao, Hugh Owen Thomas (1834–1891), aliposomea udaktari na kwenda kutibu mafukara wa Liverpool. Gango alilobuni kwa ajili ya mguu lilikuja kutumiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, likapunguza sana vifo vya askari waliovunjika mfupa wa paja. Ujuzi wa kijijini, ulipokutana na elimu ya hospitali, ulizaa kitu ambacho hakuna upande uliokuwa nacho peke yake.

Madaktari wengi waliwadharau waunga mifupa, lakini si wote. Mwaka 1867 daktari mpasuaji wa London, James Paget, alitoa mhadhara akikiri kwamba wagonjwa walioshindikana hospitalini walipona mikononi mwa watu hao, akawahimiza wenzake wajifunze kwa nini. Miaka minne baadaye Wharton Hood alichapisha mbinu alizofundishwa na mwunga mifupa Richard Hutton. Jambo kubwa lililoonekana humo ni kwamba madaktari walikuwa wakilaza viungo vilivyoumia kwa muda mrefu mno, hadi vinakakamaa. Mwunga mifupa alivinyoosha kwa nguvu, mgonjwa akaondoka anatembea. Maelezo yake kwamba amerudisha kifupa kilichohama mara nyingi hayakuwa sahihi, ila nafuu ya mgonjwa ilikuwa ya kweli.

Ng'ambo ya Atlantiki, Andrew Taylor Still alizaliwa Virginia tarehe 6 Agosti 1828. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na pia tabibu, naye alijifunza tiba kwa kufuatana na baba huyo, kama walivyojifunza wengi wakati ule. Kisa cha utotoni alichopenda kukisimulia ni cha maumivu ya kichwa. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi alifunga kamba ya plau kati ya miti miwili, akaishusha karibu na ardhi, akatandika blanketi juu yake na kulaza shingo hapo kama juu ya mto. Alipitiwa na usingizi, akaamka kichwa hakiumi. Kwa miaka mingi kila kichwa kilipomshika alirudi kwenye kamba yake.

Dawa za zama zake zilimpa sababu nzuri ya kuzichukia. Madaktari waliwapa wagonjwa zebaki, afyuni na pombe kwa wingi, na Still mwenyewe alisema zebaki aliyopewa akiwa mdogo ililegeza meno yake hadi akahitaji ya bandia. Kisha ukaja msiba. Still alikuwa amehamia Kansas, akawa upande wa waliopinga utumwa, akapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe katika jeshi la Muungano. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwake. Madaktari waliitwa na wahubiri waliitwa, na bado watoto wake watatu walikufa. Pigo hilo halikumtenga na imani yake. Lilimfanya aamini kwamba Mungu ameweka tiba ndani ya mwili wenyewe, na kazi ya tabibu ni kuifungulia njia.

Miaka iliyofuata aliitumia kuchunguza mifupa, na sehemu ya mifupa hiyo aliifukua kwenye makaburi ya Wahindi Wekundu bila ridhaa ya jamaa zao. Ni doa ambalo historia ya taaluma hii haifai kulipita kimya. Kutokana na uchunguzi huo alijenga nadharia. Damu ikipita bila kizuizi mwili hujiponya, na ugonjwa huja pale mfupa au misuli iliyokaa vibaya inapobana mishipa ya damu na ya fahamu. Tarehe aliyoitaja kuwa ya kuzaliwa kwa osteopathi ni 22 Juni 1874. Aliomba kueleza mawazo yake katika Chuo Kikuu cha Baker, ambacho familia yake ilisaidia kukianzisha, akakataliwa. Wapo walioona kuponya kwa kuwekea watu mikono ni kufuru.

Alihamia Missouri. Mjini Macon alimwona mtoto mdogo akitembea na mama yake, damu ya kuhara ikidondoka njiani. Alimbeba, akahisi mgongo unawaka na tumbo ni baridi, akaubonyeza na kuulegeza uti wa mgongo, kisha akamwambia mama arudi kesho yake. Mama alirudi na habari kwamba mtoto amepona. Still alikichukulia kisa hiki na vingine vya aina hiyo kuwa ushahidi. Lakini watoto wengi wanaohara damu hupona wenyewe, na bila kuwalinganisha waliokandwa na wasiokandwa hakuna awezaye kujua nini kilimponya yule wa Macon. Hapo ndipo nadharia ilipokuwa na udhaifu tangu siku ya kwanza.

Kwa upande wa viungo mambo yalikuwa mengine. Still alizunguka miji ya Missouri na mfuko wa mifupa, akatibu mabega, viuno na vifundo vya miguu, na sifa zikaenea. Makao yake yalikuwa Kirksville, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo, na kufikia miaka ya 1890 garimoshi zilikuwa zikishusha huko wagonjwa kutoka majimbo ya mbali, wengine kwa magongo. Hoteli na nyumba za kupanga ziliongezeka ili kuwapokea. Mwaka 1892 alifungua Shule ya Osteopathi ya Marekani. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi wapatao 20, wanawake wakiwamo, jambo ambalo shule nyingi za udaktari za wakati huo zilikuwa bado zinalikataa. Anatomia ilifundishwa na William Smith, daktari aliyesomea Edinburgh ambaye Still alimvuta kwa mazungumzo. Kibali cha shule kiliruhusu kutoa shahada ya kawaida ya udaktari, lakini Still alitaka shahada yake peke yake, akaanzisha ile inayofupishwa DO.

Vermont ilikuwa jimbo la kwanza kuwaruhusu kisheria watabibu hao, mwaka 1896, na Missouri ikafuata mwaka 1897. Mwaka 1901 mwandishi Mark Twain alikwenda Albany kuwatetea mbele ya wabunge wa New York, akisisitiza kwamba mwili ni mali ya mwenyewe na ana haki ya kuchagua wa kuutibu. Still alifariki Kirksville tarehe 12 Desemba 1917, akiwa na miaka 89.

Wanafunzi wake hawakuweza kubaki alipowaacha. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 kuhusu shule za udaktari ilizikosoa vikali zile za osteopathi kwa maabara duni na ada zilizotangulizwa mbele ya elimu. Wakati huo huo chanjo na dawa mpya zilianza kuonyesha nguvu ambazo zebaki haikuwahi kuwa nazo, na kuzikataa kukawa kuwanyima wagonjwa. Mwaka 1929 chama chao kiliruhusu elimu ya dawa ifundishwe. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi halikuwapokea kama maofisa wa tiba. Walibaki nyumbani, wakawatibu raia ambao madaktari wao walikwenda vitani, na hospitali zao zikakua. California ilitaka kuwameza kabisa: mwaka 1962 takriban 2,000 kati yao walibadilishiwa shahada na kuwa madaktari wa kawaida kwa ada ya dola 65, na chuo chao cha Los Angeles kikageuzwa. Kumezwa huko hakukuenea. Jeshi likawafungulia mlango mwaka 1966, na mwaka 1973 Mississippi ikawa jimbo la mwisho kuwapa leseni kamili. Leo mwenye shahada hiyo Marekani ni daktari kamili. Anaandika dawa, anapasua, anasimamia chumba cha wagonjwa mahututi. Tiba ya mikono alijifunza chuoni, ila wengi huitumia kwa nadra.

Njia ya pili ilipita Uingereza. John Martin Littlejohn, Mskoti aliyesoma na kufundisha Kirksville, alirudi kwao mwaka 1913 na mwaka 1917 akasimamisha Shule ya Osteopathi ya Uingereza mjini London. Hapo hapakuwa na kibali cha dawa wala upasuaji. Mwaka 1935 kamati ya Baraza la Malodi ilichunguza mswada wa kuwasajili watabibu hao, ikamhoji Littlejohn kwa ukali mkubwa, na mswada ukaondolewa. Kushindwa huko kuliwalazimisha kutengeneza nyumba yao: mwaka uliofuata walianzisha rejista ya hiari, wakapandisha viwango vya mafunzo, na kwa miongo kadhaa wakajikita katika mgongo na viungo, mahali ambapo wagonjwa waliona faida. Sheria ya mwaka 1993 iliunda baraza la kuwasimamia, na sasa hakuna anayeruhusiwa kujiita mtabibu wa osteopathi Uingereza bila kusajiliwa. Ufaransa ililitambua jina hilo kisheria mwaka 2002. Australia na New Zealand nazo zilifuata mkondo wa Waingereza, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya mafunzo yake.

Sayansi imeikagua kazi hiyo kwa makini kuliko Still alivyoweza. Sauti ya kualika si mfupa unaorudi mahali pake. Ni mapovu ya gesi yanayojitokeza katika ute wa kiungo pale kinapotanuliwa kwa ghafla. Nadharia ya mishipa iliyobanwa kuleta kila ugonjwa haikuthibitika. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 uliwalinganisha wenye maumivu ya kiuno waliotibiwa kwa mikono na wale waliopewa matibabu ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana, na lile la mikono lilitumia dawa chache zaidi. Miongozo ya tiba ya Uingereza ya mwaka 2016 inakubali tiba ya mikono kwa maumivu ya kiuno, mradi iende pamoja na mazoezi. Kwa shingo, msukumo wa ghafla una hatari inayotokea kwa nadra lakini iliyo kubwa kwa atakayepatwa nayo, ya kuchanika mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana mtabibu aliyefunzwa huuliza kwanza kuhusu kizunguzungu, shinikizo la damu na ajali za nyuma. Ganzi kati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo, homa au kukonda bila sababu humfanya asimguse mgonjwa, amwandikie barua ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.