Sanad ya Matini: Marejeo ya Vyanzo vya Mombasa katika Kazi za Wanafunzi

Utangulizi

Mwaka 1940 kilichapishwa mjini Johannesburg kitabu kiitwacho Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, kikiwa kimehaririwa na William Hichens. Muyaka mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki yapata miaka mia moja kabla ya hapo, katika Mombasa iliyokuwa imetoka mikononi mwa Wamazrui mwaka 1837 na kuingia chini ya Seyyid Said bin Sultan. Hata hivyo, si ajabu kukuta katika insha ya mwanafunzi wa fasihi rejeo fupi la namna hii: (Muyaka 1940). Kwa mujibu wa kanuni ya mwandishi na mwaka, mwanafunzi huyo hana kosa. Jina limetajwa, mwaka umetajwa, mabano yamefungwa. Lakini msomaji asiyeijua historia ya Mombasa atadhani kwamba malenga huyu aliishi enzi za ukoloni wa Waingereza, na uhakiki wowote unaohusisha tungo zake na jamii yake utakuwa umejengwa juu ya mchanga.

Makala hii inajadili namna ya kuandika marejeo ya aina mbalimbali za vyanzo vinavyohusu Kisiwa cha Mombasa na Mji wa Kale wake. Hoja inayotetewa ni kwamba rejeo la matini ya Kiswahili halitoshi kutaja kitabu tu, bali yafaa lioneshe mikono iliyoipitisha matini hadi ikamfikia msomaji. Jambo hili si geni kwa wenyeji wa pwani. Wanazuoni wa Mombasa, kama wenzao wa Lamu na Unguja, wamelelewa katika elimu ambayo khabari huthaminiwa kwa sanad yake, yaani mfululizo wa watu waliopokezana. Kinachotakiwa ni kuihamishia desturi hiyo katika ukurasa wa tasnifu.

Diwani na mikono yake

Muyaka bin Haji, anayekadiriwa kuishi kati ya 1776 na 1840, alitunga mashairi yaliyokuwa yakisomwa na kuimbwa, si ya kupigwa chapa. Baada ya kifo chake yalibakia katika vifua vya watu na katika karatasi chache. Aliyefanya kazi kubwa ya kuyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki 1890. Sikujua aliyaandika kwa hati za Kiarabu na kuyafafanua maneno yake magumu. Aliyeshirikiana naye ni William Ernest Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekaa Mombasa katika miaka ya 1880, ambaye aliyanakili kwa hati za Kirumi na kuongeza maelezo. Karatasi za Taylor, aliyefariki 1927, zimehifadhiwa London katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. Humo ndimo Hichens alimopata malighafi ya toleo la 1940. Hatimaye mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alichapisha Nairobi utafiti wake juu ya Muyaka, pamoja na matini na tafsiri za Kiingereza.

Katika kila hatua kulifanyika uamuzi. Hati za Kiarabu, jinsi zilivyotumiwa zamani kuandikia Kiswahili, hazikutenganisha daima e na i, wala o na u. Anayezisoma hulazimika kuijua lahaja ya Kimvita ili apate neno lililokusudiwa. Kwa hivyo anayegeuza hati ni mfasiri kwa kiasi fulani, na mhariri anayechagua tahajia na mpangilio wa beti huongeza tafsiri yake juu ya ile ya kwanza. Mhakiki anayejenga hoja juu ya vina au juu ya maana ya neno moja anapaswa kumjulisha msomaji anategemea mkono wa nani.

Umbo linalofaa ni kumtaja mtunzi na zama zake, kisha mhariri, kitabu, mahali na mwaka, kwa mfano: Muyaka bin Haji (takriban 1776–1840), katika W. Hichens (mhariri), Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, Johannesburg, 1940. Ndani ya matini itatosha kuandika (Muyaka, katika Hichens 1940). Anayelitumia toleo la 1979 ataandika (Muyaka, katika Abdulaziz 1979), na tofauti baina ya matoleo mawili itaonekana bila maelezo marefu. Aliyezisoma karatasi zenyewe za Taylor anao wajibu zaidi. Atataja maktaba, jina la mkusanyo, namba ya hati na namba ya karatasi, kwa kuwa mswada hauna nakala ya pili dukani ambayo msomaji anaweza kuikagua.

Kitabu kimoja, watungaji wawili

Mfano wa pili ni kitabu cha Mbarak Ali Hinawy, Al-Akida and Fort Jesus, Mombasa, kilichochapishwa London 1950. Kinaeleza khabari za Muhammad bin Abdallah, akida wa askari aliyeasi akiwa ndani ya Ngome ya Yesu, hata manowari za Waingereza zikaipiga ngome hiyo mizinga mwaka 1875. Ndani ya kitabu hicho umo utenzi wa Abdallah bin Masud al-Mazrui juu ya kisa hicho hicho. Mwanafunzi anayenukuu utenzi na kuandika (Hinawy 1950) huwa amempa Liwali wa karne ya ishirini maneno ya mshairi wa karne ya kumi na tisa. Anayenukuu utangulizi na kumtaja mshairi hukosea kwa upande wa pili. Kanuni ni nyepesi: anayetajwa kwanza ni mwenye maneno yaliyonukuliwa, na mwenye kitabu hufuata baada ya neno "katika".

Mambo huwa mazito zaidi tafsiri inapoingia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa. Historia hiyo ilitolewa mwaka 1995 kwa tafsiri ya Kiingereza ya J. McL. Ritchie. Rejeo la (Mazrui 1995) lina kasoro tatu. Linamfanya marehemu kuwa mwandishi wa miaka ya 1990. Linaificha lugha ya asili na jina la mfasiri. Na linamchanganya Sheikh na jamaa zake. Mwaka mmoja kabla, yaani 1994, Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff walikuwa wametoa The Swahili: Idiom and Identity of an African People, na wakati huo Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Sheikh Al-Amin, alikuwa akiendelea kuchapisha vitabu vyake. Herufi "A." mbele ya "Mazrui" haimtambulishi yeyote kati yao. Hapa jina kamili si pambo, ni sharti.

Suala la majina lina upana wake. Utaratibu wa kuanza na jina la ukoo umetungwa kwa majina ya Ulaya. Neno "bin" si jina, wala nisba kama al-Ghassany au al-Batawi haitumiki daima kama jina la ukoo. Mshairi Ahmad Nassir bin Juma Bhalo ni mfano. Kitabu chake cha Poems from Kenya, kilichohaririwa na Lyndon Harries, kilitoka 1966; Malenga wa Mvita, kilichohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, kilitoka 1971 kikimtambulisha kama Ustadh Bhalo. Mwanafunzi asiyekuwa mwangalifu ataorodhesha kitabu kimoja chini ya Bhalo na kingine chini ya Nassir, na msomaji atahesabu washairi wawili. Lililo bora ni kuchagua umbo moja, kulifuata kazi nzima, na kuelekeza kutoka umbo la pili kwenda la kwanza.

Jiwe, sauti na wimbo

Si vyanzo vyote vimo maktabani. Juu ya lango la Ngome ya Yesu pana maandishi ya Kireno yaliyowekwa wakati wa Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Yalichongwa miaka kadhaa baada ya Sultani Yusuf bin Hasan kuwaasi Wareno na kuitwaa ngome mwaka 1631. Jiwe hilo linasimulia ushindi kwa ulimi wa mshindi. Rejeo lake lapasa kutaja mahali lilipo, lugha, tarehe na aliyeliamrisha, kisha chapisho ambalo mwandishi amelitegemea kwa usomaji na tafsiri yake. Kutaja kitabu peke yake humficha msemaji, na msomaji hawezi kuupima ushahidi bila kumjua shahidi.

Hali ni hiyo hiyo kwa simulizi za mitaa ya Mji wa Kale kama Kibokoni na Kuze. Rejeo la mahojiano litaje msimulizi (au alama badala ya jina, iwapo hakuridhia kutajwa), mahali, siku, lugha iliyotumika, na zilipohifadhiwa kanda au maandishi yake. Aidha, pale yanapohusu ugomvi wa zamani baina ya Tisa Taifa na Thalatha Taifa, upande wa msimulizi ni sehemu ya ushahidi, na hauna budi kuonekana.

Nyimbo za taarabu zinadai uangalifu wa namna yake. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba tungo nyingi za Ahmad Nassir. Anayehakiki maneno amtangulize mtunzi. Anayehakiki uimbaji amtangulize mwimbaji. Kwa vyovyote, wote wawili watajwe.

Tarehe nazo zina mtego. Miswada mingi ya pwani hutumia mwaka wa Hijria, ambao haulingani na mwaka mmoja wa Miladia. Mwaka 1300 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Novemba 1882 na kwisha mwanzoni mwa Novemba 1883. Pasipo mwezi, rejeo la haki ni 1300 H./1882–83. Kuchagua mwaka mmoja ni kudai ujuzi usiokuwapo.

Hitimisho

Miongozo ya kimataifa imekuwa ikielekea huko huko. Toleo la nane la mwongozo wa MLA, lililotoka 2016, liliacha kutunga kanuni mbali kwa kila aina ya chanzo. Badala yake lilimtaka mwanafunzi aeleze kazi iliyonukuliwa, kisha kile kilichoibeba. Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Mombasa fikra hiyo haina ugeni. Tofauti ni kwamba sanad humtaka ataje pia watu waliobeba, na si vitabu tu.

Gharama ya kuliacha jambo hili inaonekana katika mfano wa kwanza. Rejeo la Muyaka linapofupishwa, anayeanguka kwanza si Hichens, ambaye jina lake liko juu ya kitabu, wala si Taylor, ambaye jina lake liko juu ya mkusanyo wa London. Anayeanguka ni Mwalimu Sikujua. Mwanafunzi akirithi ufupisho huo kutoka kwa mwanafunzi mwenziwe, itafika siku itakaposomeshwa kwamba tungo za Mvita ziliokolewa na wageni peke yao. Maneno machache katika tanbihi, "kutokana na mkusanyo wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah", yanatosha kulizuia hilo.